Ukishika Rosa Mistika, Shika na Penseli

Riwaya hii ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, na tangu hapo imesomwa kwa namna tatu: kwa kujificha, kwa ajili ya mtihani, na kwa kumsema msichana. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka namna ya nne. Masharti yake ni machache, lakini yafuate, maana Rosa amewashinda hata watu wazima wenye shahada zao.

Kwanza, ule mwongozo mwingine uweke kando. Naam, ule mwembamba wa kujibia maswali ya mtihani. Humo utamkuta Rosa amekwisha kupangiwa sifa zake kabla hujaonana naye: ni malaya, ni mwepesi wa kurubuniwa, ni katili kwa kuwa ametoa mimba, si mfano wa kuigwa katika jamii. Kwani nani alikuambia Kezilahabi alimleta ili tumuige? Alituletea binti wa Ukerewe, kisiwa alikozaliwa yeye mwenyewe mwaka 1944, akatwambia tumtazame. Kumtazama mtu ni kazi. Kumpangia sifa kunamalizika kabla kengele ya kipindi haijalia.

Sasa penseli. Fungua ukurasa mtupu wa mwisho, piga mstari katikati. Kushoto andika aliyoyatenda Rosa, kulia aliyotendewa. Anza tangu kurasa za mwanzo, usingoje mpaka afike mjini. Kijana Charles anamwandikia barua, Zakaria, baba yake Rosa, anaiona, Rosa anapigwa kipigo ambacho hutakisahau: kulia. Zakaria amelewa, Regina mkewe ndiye anayelima na kulisha nyumba, naye pia anapigwa, tena mabinti wakijua: kulia. Utashangaa jinsi mkono wako utakavyobaki upande ule ule kwa muda mrefu.

Kisha Rosa anavuka ziwa kwenda shule ya masista Mwanza, na baadaye anafika chuo cha ualimu Morogoro. Hapo ndipo ninapokuomba uwe macho, kwa sababu ndipo wasomaji wengi wanapoacha kuandika kulia. Rosa anageuka ghafla kuwa mtu mzima mwenye hiari zake zote, na mkuu wa chuo anayetembea na mwanafunzi wake anageuka kuwa kama mvua ya masika: imenyesha, nani wa kulaumiwa? Msomaji anayejua kukasirika na Rosa kwa kurasa kumi mfululizo hana hasira hata ya mstari mmoja kwa mwalimu mwenye cheo, mshahara na funguo za ofisi. Mwandike. Mwandike kwa herufi kubwa.

Ukifika kwenye utoaji mimba utasikia watu wakiuliza, "Kwa nini hakuzaa tu?" Usijibu upesi. Wakumbushe kwamba mwanafunzi aliyebainika kuwa na mimba alikuwa anafukuzwa, na huo ndio ukawa mwisho wa masomo yake. Serikali ya Tanzania iliruhusu wasichana waliojifungua kurudi katika shule za kawaida mwezi Novemba 2021, kitabu kikiwa na umri wa miaka 50. Kwa hiyo swali lile lina majibu yaliyoandikwa katika taratibu za shule, na Rosa hakuziandika yeye.

Hapo hapo waongezee jambo jingine. Mwaka huo huo wa 1971 Tanzania ilipata Sheria ya Ndoa, ambayo iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, huku mvulana akitakiwa kufikisha 18. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Basi weka sheria hiyo na riwaya hii mezani pamoja. Barua ya kijana kwa Rosa ni fedheha inayostahili fimbo. Lakini baba wa namna ya Zakaria angeweza kumwozesha binti wa miaka 15 kwa kuridhia tu, na harusi ikachezwa. Ukiliona hilo, utaacha kuuliza kwa nini Rosa hakujua mipaka ya mwili wake iko wapi. Hakuna aliyewahi kumwambia kuwa ni wake.

Kuhusu marufuku, usiitaje kama kisa cha kuchekesha cha zamani. Rosa Mistika ilizuiwa shuleni Tanzania kwa sababu ya maadili, na baadaye ikaja kusomeshwa sekondari. Fikiria marufuku ile ilimlinda nani. Msichana wa bweni, ambaye habari hii ni yake kabisa, ndiye aliyenyang'anywa kitabu. Mwalimu wa aina iliyoelezwa humo, marufuku haikumgusa. Hivyo ukimsikia mjomba sebuleni akisema hivi ni vitabu vya matusi, mwulize kwa adabu, "Shikamoo mjomba, ni ukurasa upi?" Akiutaja, usomeni kwa sauti, kisha mtafute pamoja ni nani hasa anayetukana katika ukurasa huo.

Kuna kosa la upande wa pili, na wasomaji wema ndio hulifanya: kumlilia mapema. "Masikini Rosa, masikini Rosa," mpaka Rosa mwenyewe anapotea ndani ya machozi yako. Rosa anadanganya. Anatamani. Anafurahia kutamaniwa, na wakati mwingine anawachezea wanaume kwa akili kali. Ukifuta yote hayo ili abaki mwathirika safi, umemnyima nafsi yake kama baba yake alivyomnyima. Upande wa kushoto wa karatasi lazima nao uwe na maandishi. Kezilahabi hakumwogopa, mwishoni anawaweka baba na binti mbele ya Mungu, wakatupiana lawama. Kesi hiyo isome polepole. Mimi naiona ndiyo sehemu ya kijasiri kuliko zote.

Na Charles? Wapo wasomaji, hasa wa kiume, wanaomwonea huruma Charles kuliko mtu yeyote: alimpenda msichana tangu ujanani, akaja kugundua kuwa si bikira. Waulize tu ni nani aliyemkagua Charles.

Usilaumu mji. Huu ndio ushauri ninaoutilia mkazo, kwa kuwa lawama hiyo hutoka haraka sana mdomoni: mji umemharibu. Mji ni mtuhumiwa rahisi, hauna wakili. Chukua Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, ambayo maelfu ya wanafunzi wa Kenya waliisoma kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne. Maimuna anaishia kwenye ulevi na kuimba katika klabu ya Rumbalola, na wanafunzi huandika kwamba ametumbukia kwenye starehe za mjini. Rudi nyuma. Nani alimfungia ndani ya nyumba mpaka akatoka hajui mtu mwema ni yupi na mlaghai ni yupi? Maksuudi, baba yake, mheshimiwa hadharani na dhalimu nyumbani. Mji ulimpokea akiwa amekwisha kuumizwa.

Kwingine lawama hii imegeuzwa kabisa. Sister Souljah alipotoa The Coldest Winter Ever mwaka 1999, habari za Winter Santiaga, binti wa muuza dawa za kulevya wa Brooklyn, wasichana wengi Marekani walimpenda Winter kwa mavazi na jeuri yake, ingawa mwandishi alikuwa amejiingiza mwenyewe ndani ya riwaya kama mhusika anayeonya. Sisi tunamhukumu Rosa upesi, wao walimtamani Winter upesi. Pande zote mbili zilimwangalia msichana tu, zikamwacha baba apite.

Ukimaliza, usikirudishe kitabu kabatini. Wala usimpe binti wa miaka 16 ukiambatanisha nasaha, maana ataisoma nasaha na kukiacha kitabu. Mpe baba. Mpe mwalimu wa nidhamu, mwenyekiti wa kamati ya shule, katekista, kaka anayekaribia kuoa. Mwachie na karatasi yako yenye pande mbili. Akikirudisha akisema, "Huyu Zakaria amezidi," usibishane naye wala usimpongeze. Mwulize ni katika ukurasa gani alianza kuliona hilo, na kabla ya hapo alikuwa upande wa nani.