Homa ya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa

Malaria humjia mtu bure. Mbu anakuuma, hakutozi chochote, na baada ya siku kadhaa unatetemeka kwa raha zako huku majirani wakikupa pole. Mimi homa yangu nainunua. Naiweka kwenye friji, naitoa mwenyewe jioni, najidunga mwenyewe pajani, halafu nakaa kwenye kochi nikiisubiri ifike.

Ugonjwa wenyewe unaitwa maltipo sklerosisi. Kinga ya mwili, badala ya kupambana na maadui, inageuka na kuguguna ganda la neva, kama panya walioingia darini wakaonja waya za stima: taa hii inawaka, ile inapepesa, na ile ya choo imekataa kabisa. Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza vizuri huko Paris mwaka 1868, na tangu hapo madaktari wameona kwamba unazidi kadiri unavyokwenda mbali na ikweta. Kule Orkney, visiwa vya kaskazini mwa Scotland, umejaa. Sasa niambie: Njiru hii, digrii moja na kitu tu kusini mwa ikweta, jua linakaanga mabati na vumbi la Kangundo Road linapanda hadi kwenye chai, umenipitia wapi? Na hilo jua nalo ni adui. Mwili ukipata joto, mguu wa kushoto unajiuzulu, hasa nikishuka matatu mbele ya watu wanaonijua.

Dawa yangu ni interferoni beta, mara tatu kwa wiki. Haiponyi, kazi yake ni kupunguza mashambulizi. Interferoni si kitu kigeni, mwili wenyewe huitengeneza ukivamiwa na virusi. Alick Isaacs na Jean Lindenmann waliigundua London mwaka 1957, na sehemu ya yale maungo kuuma na baridi ya mafua hutokana na kemikali za aina hii, si virusi peke yao. Kwa hivyo nikijidunga saa tatu usiku, kufikia saa sita mwili unapiga kamsa: tumevamiwa! Virusi hakuna hata kimoja, lakini meno yanagongana, kichwa kinapasuka, mifupa inadai fidia. Daktari alisema nidunge jioni, nimeze Panadol, nilale, madhara yenyewe nitayapita nikiwa usingizini. Ushauri mzuri. Ila daktari hajalala kwenye ploti yetu Ijumaa, siku ya kesha upande huu na reggae upande ule.

Kibaya zaidi, kuta zetu ni za kuheshimiana tu. Meno yangu yakigongana, jirani anasikia. Asubuhi mama mboga hata hajanipimia sukuma:

"Baba Shiro, hiyo ni malaria imeingiliana na taifodi."

"Ni sindano, mama."

"Ulienda ushago lini?"

Nimepimwa malaria mara nyingi kuliko wakazi wa Kisumu. Kipimo kikisema sina, mama mboga anasema kipimo cha pale hakioni vizuri, twende kingine. Nimeletewa mwarobaini kwenye chupa ya soda, nimeletewa tangawizi, na shemeji yangu alinitumia M-Pesa ya mbuzi wa supu. Supu niliipokea. Mtu hawezi kubishana na kila kitu.

Kosa lilikuwa kumtajia dawa yenyewe mzee mstaafu wa mlango wa mwisho. Aliposikia "interferoni" aliweka gazeti chini taratibu, akanitazama kwa huruma. Mzee huyu ana kumbukumbu. Mwaka 1990 taasisi yetu ya utafiti wa tiba, KEMRI, chini ya Daktari Davy Koech, ilitoka na Kemron, na Rais Moi mwenyewe akaizindua kama tiba ya Ukimwi. Nchi ilishangilia. Majaribio ya baadaye hayakuonyesha faida yoyote, lakini Wakenya wa rika lake hawakusahau kilichokuwa ndani: interferoni. Nikamweleza kwamba ile ilikuwa alfa, kiasi kidogo cha kumumunya mdomoni, na yangu ni beta, ya sindano, ya ugonjwa mwingine kabisa. Akanipigapiga bega. "Siku hizi watu wanaishi miaka mingi, kijana wangu. Usijifiche." Tangu hapo mke wangu anasalimiwa pale langoni kwa sauti ya matanga.

Madhara mengine hayana hata huo utamu wa hadithi. Kila nilipodunga panabaki doa jekundu, gumu kidogo, linalokaa siku nyingi, ndiyo maana lazima nihamehame: paja la kulia, la kushoto, tumbo, mkono. Nikivaa kaptura watoto wa ploti wanahesabu. Ini nalo lipimwe kila baada ya muda, na dawa yenyewe inaweza kumtia mtu huzuni, jambo ambalo daktari huniuliza kila mara. Namwambia huzuni ninayo, ila inafika tarehe tano pamoja na mwenye nyumba.

Sasa stima. Sindano hizi zinataka nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Nje ya friji zinavumilia kwa muda tu, na zikiganda ni za kutupa. Huku kwetu stima ikipotea Jumamosi, usiiulize kabla ya Jumatatu. Nikapatana na mwenye bucha mwenye jenereta, anisitiri kwenye friji ya soda, si ile ya nyama. Mambo yakaenda vizuri hadi mteja mmoja, akijichukulia soda yake, akaona sindano zimepangwa kando ya kachumbari. Akapaza sauti bucha nzima isikie:

"Kumbe ndiyo maana nyama yenu haiozi! Mnaidunga!"

Watu watatu walirudisha nyama mezani. Ilibidi niitwe, nikaja nikichechemea, nikafunua tumbo na madoa yake mbele ya foleni ili kuokoa biashara ya mtu. Siku hizi sindano zinakaa zimefungwa kwenye gazeti, na nikizifuata, mwenye bucha ananikabidhi huku akitangaza kwa sauti: "Matumbo yako hayo, Baba Shiro!"