Sifa kwa Simu Izimayo Saa Nane Mchana

Watu wameshasifu kamera za simu, wamesifu vioo vyake, hata milio yake wameisifu. Simu nyembamba inayomzimikia mwenyewe saa nane mchana, katikati ya foleni ya Ubungo, haijapata wa kuisemea. Nimeona hiyo ni dhuluma, na leo nimejitolea kuiondoa.

Nianze na umbo. Mei 2025 Samsung walitoa Galaxy S25 Edge, yenye unene wa milimita 5.8. Ndugu yake S25+, aliyetoka mwanzoni mwa mwaka huohuo, ana kioo cha inchi 6.7 kama chake na unene wa milimita 7.3. Betri ya mnene ni mAh 4900, ya mwembamba 3900. Piga hesabu mwenyewe: umekatiwa moja ya tano ya unene, na betri nayo imekatwa moja ya tano. Si bahati mbaya. Kioo kina unene wake, mgongo una wake, na vyote viwili havikubali kukonda sana; ukitaka simu ipungue tumbo, kisu kinaangukia kwenye betri. Na kwa upungufu huo mteja wa Marekani aliongezewa dola 100 juu ya bei ya yule mnene. Hebu niambie ni bidhaa gani nyingine duniani inayokupa heshima ya kulipa zaidi ili upate kidogo.

Septemba wakaja Apple na iPhone Air, milimita 5.6, na siku hiyohiyo wakatangaza betri ya kuibandika mgongoni kwa dola 99. Mafundi wa iFixit walipozifungua zote mbili, wakakuta betri iliyomo ndani ya simu na ile ya kubandika ni za aina moja. Wapo waliocheka. Mimi nimeona ukarimu: ule unene tuliodhani umetupwa haukutupwa, umehamishiwa mgongoni, na ukitaka kurudishiwa unaulipia upya.

Sisi huku tuliuhamishia kwenye mkoba zamani. Pita Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, uone vijana wangapi wanakula kwa sababu ya wembamba wa simu. Mmoja anauza pawabenki, mwingine waya, mwingine kava nene la mpira, maana simu nyembamba inateleza na kuogopesha, kwa hiyo mtu anainunua kwa wembamba wake na kuivalisha koti kabla hajatoka dukani. Simu ikitosheka yenyewe, vijana hawa wataishi vipi?

Lakini hayo ni ya biashara. Sifa zake kubwa ziko kwenye maisha ya watu. Chukua kundi la WhatsApp la kamati ya harusi. Saa tatu asubuhi katibu anakumbusha ahadi. Saa sita anaweka orodha, jina lako lina sifuri mbele yake. Saa nane unusu anaanza kupiga simu mmojammoja, na hapo ndipo simu yako, bila kuombwa, inajilaza. Hujamkatalia mtu, wala hujadanganya. Hupatikani tu. Kesho yake unasema "chaji iliniishia" kwa uso mkavu, kwa sababu ni kweli. Wale wa mikopo ya kausha damu nao, wenye kupiga mara kumi kwa namba kumi tofauti, wanakutana na ukuta huohuo.

Matapeli wa "ile hela itume kwenye namba hii" wametusumbua nchi nzima, na kila tukiambiwa wamekamatwa wanachipuka wengine. Simu iliyozima haijawahi kutuma hela kwenye namba yoyote. Kwa kuwa siku hizi pochi yetu imo humohumo ndani ya simu, ikizima, bia ya jioni haipo, chipsi mayai hazipo, na bodaboda anageuka kuwa miguu yako mwenyewe. Benki gani inakufungia akiba kila siku kuanzia saa nane bila kukujazisha fomu?

Ina doa moja, nalitaja ili nisionekane nimehongwa. Luku ikiisha usiku huku simu imezima, huna pa kuanzia: kununua umeme kunataka simu, simu inataka chaji, na chaji inataka umeme. Anayenaswa humo hana njia ila kwenda kubisha hodi mlango wa pili.

"Samahani sana jirani, Luku imekata na simu imezima. Naomba uninunulie ya elfu tano, asubuhi nakurudishia."

"Sasa kaka, simu yenyewe si ile mpya?"

"Ndiyo hiyohiyo, dada."

"Mh! Haya, lete namba ya mita."

Majirani waliokuwa wakipungiana mikono tu getini sasa wanajuana hadi namba za mita. Hata doa lenyewe, basi, nimelihesabu kama sifa.

Wapinzani watanitajia kitochi. Nokia 1100 ya mwaka 2003, iliyouzwa zaidi ya milioni 250 duniani, ilikuwa na unene wa milimita 20 na betri ya mAh 850, isiyofika hata robo ya ile ya S25 Edge. Lakini ilikaa siku kadhaa bila kuona chaja, kwa kuwa kioo chake kidogo hakikuwa na video ya kuonyesha. Sasa simu ya namna hiyo ina msaada gani? Mwenye kitochi akisema chaji imeisha, kila mtu anajua anadanganya. Umeme ukikatika anawasha tochi na kuendelea kula, hana haja na jirani. Ni simu ya wapweke.

Ninachokihofia ni maendeleo. Honor walianza mwaka 2023 kuuza simu yenye betri ya silikoni na kaboni, ambayo hubeba chaji nyingi zaidi kwenye nafasi ileile, na mwaka 2025 Tecno wakatoa Pova Slim ya milimita 5.95 yenye mAh 5160. Hili likienea, katibu wa kamati atatupata wote, saa yoyote.

Wala tusijifanye tumeonewa na viwanda. Mwaka 2019, pale Barcelona, ilionyeshwa simu yenye jina la Energizer: betri ya mAh 18,000, unene wa milimita 18. Wenye kuililia chaji walipewa walichokililia. Ikafunguliwa changizo mtandaoni ili itengenezwe, lengo dola milioni 1.2, zikapatikana kama dola 15,000, na simu ikafia hapo. Tulipigishwa kura ya wazi, tukachagua wembamba.

Basi msomaji, ukienda dukani, ishike ile nyembamba, igeuzegeuze, isifu kama nilivyoisifu mimi. Kisha muulize muuzaji ina mAh ngapi, ulipe ukiwa unajua. Na kama wewe ni katibu wa kamati, mchango wangu upo palepale; nitafute asubuhi.