Barua kutoka Tromsø: Mjomba Anataka Tochi ya Nguvu

Jamaa wa Giheta, Burundi, pamoja nanyi mliohamia Muyinga, habari ni hizi. Kijana wenu aliyeko Tromsø, kaskazini kabisa mwa Norwe, ni mzima wa afya, anakula vizuri, ila kwa muda mrefu alishindwa kuamua. Tangu mjomba wake atume ujumbe wa sauti akitaka "tochi ya nguvu, ya kuchaji, isiyo ya mchezo", alikuwa akilala akiwaza tochi mbili, zote mbili zikiwa bado dukani.

Kwanza mjue anakoishi. Tromsø huagana na jua mwishoni mwa Novemba, na hawaonani tena mpaka katikati ya Januari. Mtu wa Giheta, ambako jua huzama mnamo saa kumi na mbili jioni mwaka mzima bila kubadili ratiba, akisikia hivyo atadhani watu wa huku wanatembea kwa kupapasa. Wapi! Barabara zina taa, njia za kutelezea theluji porini zina taa, na kila dirisha lina taa ambayo hakuna anayeitazama. Umeme wao kwa sehemu kubwa unatokana na maji, kama wa Burundi, ila wao wanao. Giza limekuwa adimu kiasi kwamba watalii hulipa pesa nyingi wapakiwe kwenye basi usiku, wapelekwe mbali na mji mahali penye giza safi, wakaione mianga ya kaskazini ikicheza angani. Mjomba alipoelezwa hilo alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama watalii hao wasingependa kuja kulala kwake. Giza analo, tena la kutosha, na kwenye bei wataelewana.

Hakuwa anatania sana. Burundi nzima ni kama mtu mmoja tu katika kumi mwenye umeme, na wengi wa hao wako mijini. Mradi wa Rusumo kwenye Mto Kagera, ambao megawati zake 80 zinagawanywa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania, ulianza kuzalisha mwaka 2023, na nyaya zake kubwa zimevutwa kupitia Muyinga kuelekea Gitega. Kwa hiyo umeme unapita. Unapita juu sana, na hauteremki kwa mtu kwa sababu tu amesimama chini akausalimia.

Ndiyo maana kwa mjomba tochi si pambo. Ng'ombe akizaa usiku, ni tochi. Choo kiko nje, ni tochi. Misa ya alfajiri, ni tochi. Mpaka sasa anatumia kataa ka kwenye simu yake ya vibonye, ndugu wa zile ambazo Wakenya walizibandika jina la "mulika mwizi". Mama wa ukoo huo, Nokia 1100 ya mwaka 2003, aliuzwa zaidi ya nakala milioni 250 duniani, na tochi ile kichwani mwake ilikuwa na mchango wake. Tatizo ni kwamba mwizi wa mbuzi siku hizi hamuogopi mtu anayemmulika kwa simu. Anaweza hata kuiomba apige.

Basi kijana akaingia dukani. Kwenye kabati la kioo akakuta wagombea wawili. Wa kwanza ni Fenix PD36R: fupi, ya alumini nyeusi yenye mikwaruzo ya kuzuia isiteleze mkononi, inaingia mfuko wa koti. Lumeni 1,600, mwanga kufika mita 283, betri moja ya aina ya 21700 ya miliampea-saa 5,000. Wa pili ni Olight Marauder 2, jitu nene kama mchi: lumeni 14,000, mita 800, na pakiti yake maalumu ya betri. Bei ya jitu ni zaidi ya mara tatu ya bei ya kafupi. Muuzaji, kijana mwenye ndevu nyekundu, alimuuliza ni ya kumtembeza mbwa wa aina gani.

Kijana alipiga picha zote mbili akaziweka kwenye kundi la WhatsApp la familia. Hapo ndipo vita vilipoanza.

Mjomba alichagua kabla picha hazijafunguka vizuri. Kumi na nne elfu! Yeye hapimi kwa mita, anapima kwa milima, na swali lake lilikuwa moja: je, mwanga unafika Gishora? Kwa msomaji asiyepafahamu, Gishora ndiko waliko wapiga ngoma wa urithi wa Mwami Mwezi Gisabo, na ngoma za kifalme za Burundi ziliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2014. Ngoma zinafika Giheta nzima, kwa nini tochi ishindwe?

Kijana ikabidi ajifunze kusoma boksi, akagundua kwamba namba za kwenye boksi zina tabia zake. Lumeni ni jumla ya mwanga unaotoka. Mshumaa mmoja hutoa kama 12. Balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa kama 800. Hivyo kale kafupi ni balbu mbili mkononi, na jitu ni balbu kumi na saba. Lakini jicho halihesabu hivyo. Ili mwanga uonekane umeongezeka maradufu, lumeni huhitaji kupanda karibu mara nne. Tochi yenye lumeni karibu mara tisa ya mwenzake, mjomba ataiona kama imeizidi mara tatu tu.

Halafu kuna joto. Kwa makadirio ya haraka, taa za LED za aina hii hutoa lumeni 100 hivi kwa kila wati. Lumeni 14,000 basi ni wati 140 ndani ya kitu ambacho mtu amekishika kwa vidole vyake mwenyewe, na sehemu kubwa ya wati hizo huishia kuwa joto. Ndiyo maana tochi za aina hii, ukiziwasha kwa nguvu zote, hujipunguza zenyewe baada ya dakika chache zisije zikaungua au kumuunguza mwenyewe. Lumeni zimeandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa nyekundu. Dakika zimeandikwa kwa herufi ambazo ukitaka kuzisoma unahitaji tochi.

Na zile mita? Tangu mwaka 2009 watengenezaji wengi wakubwa hufuata kanuni ya Marekani iitwayo ANSI FL1. Kwa kanuni hiyo, mita 800 ni umbali ambao mwanga umefifia hadi robo ya luksi, yaani kiasi cha mbalamwezi wakati mwezi umejaa. Si kwamba ukimulika mita 800 utasoma gazeti huko. Utaona kama vile mwezi umetoka, basi.

"Kwa hiyo pesa zote hizo unanitumia mwezi?" mjomba akauliza. "Mwezi tunao."

Lakini hakukata tamaa. Aliyempunguza kasi ni mama mdogo wa Muyinga, anayeuza vitenge na ambaye mara kwa mara huondoka kabla ya mapambazuko kwenda Kobero, mpakani na Tanzania, kupokea mzigo. Yeye alituma ujumbe wa sauti wa dakika tatu, na kiini chake ni hiki: "Kaka, hivyo unamfukuza mwizi au unamwita?" Kwetu hatuishi kwa mitaa iliyopangwa, kila boma liko peke yake mteremkoni likitazamana na maboma ya mlima wa pili. Ukiwasha balbu kumi na saba kumtafuta mbuzi, umemmulika mbuzi, umemmulika na jirani ng'ambo ya bonde akiwa kitandani, na kabla hujarudi ndani mkuu wa mlima amefika kuuliza kuna nini. Mjomba alijibu kwamba mtu asiye na dhambi haogopi mwanga. Mjadala ukahamia kwenye Biblia kwa siku mbili.

Ni bibi aliyeurudisha. Yeye hana simu, aliazima ya mjukuu. Aliuliza kama tochi hizo zina mwanga mdogo, kwa sababu yeye akiamka usiku anatafuta kiberiti, hatafuti mbuzi, na mwanga mkali unawaamsha kuku.

Swali hilo kijana alilipenda, naye mwandishi wa barua hii pia. Kafupi kana kiwango cha chini cha lumeni 30, zaidi ya mishumaa miwili, na kwa maelezo ya kiwanda hudumu hivyo zaidi ya saa 100. Usiku wa Giheta una saa kumi na mbili. Hata ukiiacha inawaka usiku kucha, jambo ambalo bibi hawezi kuliruhusu, una zaidi ya juma.

Ikabaki kuchaji. Hapa ndipo tochi nyingi zinazotoka ughaibuni huenda kufia: imefika, imewaka mwezi mmoja wa fahari, kebo yake ya ajabu imepotea, sasa ni uzito wa kuzuia mlango. Mjomba ana kipaneli cha sola cha wati 10 juu ya bati. Siku ya jua zuri kipaneli hicho, ukiondoa hasara za njiani, kinaweza kutoa wati-saa thelathini hivi. Betri moja ya 21700 inahifadhi kama wati-saa 18. Jitu linahifadhi kama 54. Kafupi kanajaa kwa siku moja na simu ya mjomba inapata chochote; jitu linahitaji siku mbili za jua, na katika miezi ya mvua ni afadhali kumwomba Mungu. Zote mbili huchajiwa kwa USB-C, kebo ya simu za siku hizi, ambayo ukiikosa sokoni Gitega basi soko limefungwa. Ila betri ya kafupi unaichomoa na kuweka nyingine. Pakiti ya jitu ikichoka, utamwandikia nani?

Mjomba alikumbusha kwamba betri zipo nyingi sokoni, tena kuna zilizoandikwa 9,900 kwa bei ya soda mbili tatu. Kijana alimwomba asizisogelee. Zile ni za aina ya 18650, milimita 18 kwa unene na 65 kwa urefu, na viwanda bora duniani havijaweza kutia ndani ya kopo hilo zaidi sana ya miliampea-saa 3,500. Mwaka 2019 wanasayansi watatu, Goodenough, Whittingham na Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi yao ya betri za lithiamu. Kama ile 9,900 ingekuwa ya kweli, fundi wake angestahili tuzo nzima peke yake. Mjomba alichokishika katika hadithi hiyo ni kwamba Goodenough alikuwa na miaka 97 siku alipopokea habari hizo. Tangu hapo hataki kuambiwa kwamba amezeeka kwa tochi kubwa.

Lakini aliyeamua kesi si bibi wala sola. Ni usafiri. Kijana alikuwa ameshafikiria kutuma kwa posta, akakataliwa dirishani: betri za lithiamu zina masharti magumu, na tangu Aprili 2016 zikiwa peke yake haziruhusiwi kabisa kama shehena katika ndege za abiria. Abiria mwenyewe anaweza kubeba kila moja isiyozidi wati-saa 100, lakini za akiba lazima ziwe kwenye mkoba wa mkononi, ncha zake zimefunikwa. Msafiri aliyepatikana ni mama mmoja wa Gitega anayerudi kupitia Addis Ababa. Mabegi yake mawili ya kilo 23 yalijaa tangu Oktoba. Alilishika jitu mkononi, akalipima, akalirudisha mezani bila kusema neno. Kafupi alikatia kwenye mkoba pamoja na rozari.

Hukumu basi imetoka. Kijana amenunua mbili za Fenix, moja ya Giheta na moja ya Muyinga, na betri moja ya akiba kwa kila moja. Hata hivyo amelipa pungufu ya bei ya jitu, na chenji anaituma ili mjomba aongeze kipaneli cha pili. Mjomba amekubali kwa maandishi, akiongeza kwamba amekubali kwa sababu ya heshima tu.

Maagizo machache. Kofia ya nyuma imelegezwa kidogo ili tochi isijiwashe safarini. Ikazeni kwanza ndipo mseme imeharibika. Msimmulike mtu machoni, hata kwa kumsalimia, na watoto wasipewe waichezee. Kifuniko cha mpira cha tundu la kuchajia kifungwe vizuri, maana bila hicho ahadi ya kiwanda ya kuvumilia mvua haipo. Betri ya akiba isiwekwe mfuko mmoja na funguo au sarafu.

Mzigo utatua uwanja wa Melchior Ndadaye, Bujumbura, wiki moja kabla ya Krismasi. Mwenye gari atakayekwenda kuupokea aanze kupanga foleni ya petroli leo.