Trela Isiyobeba Kitu

Wanaowacheka wakusanyaji wa trela ndogo za shamba wana wivu tu. Trela ya mita 6.4, kwa kipimo cha 1:32 kinachopendwa na watengenezaji Britains wa Uingereza na Siku wa Ujerumani, hubaki sentimita 20: haili dizeli wala haimuumizi mtu mgongo. Kule Dyersville, Iowa, vyombo hivi vya kuchezea vimejengewa makumbusho ya kitaifa. Mahindi yaliyouzunguka mji nadhani ni mapambo.

Boksi halifunguliwi, maana hewa hushusha bei. Anayethubutu kulifungua huchukua brashi nyembamba akapaka tope la rangi, gurudumu kwa gurudumu, ili trela ionekane imetoka kazini.

Kisha, ili mkusanyo ukamilike, hununuliwa ile kubwa yenyewe. Hiyo sasa huoshwa, hung'arishwa, hufunikwa turubai bandani. Samadi huisikia kwa jirani. Naye jirani, mwenye nyasi zilizokatwa na mvua inayonyemelea, akija kuiazima kwa siku moja tu, huelezwa kwa upole kwamba rangi ile bado ni ya kiwandani. Lakini hatoki mikono mitupu, ujirani ni kitu kikubwa: huonyeshwa ile ndogo, tena yenye tope.