Namna ya Kujenga Banda Linalotembea

Una kiwanja Kitengela, udongo mweusi tii, na unataka banda la bustani: pa kuweka jembe, toroli na wageni wasiostahili sebule. Fuata hatua hizi.

1. Jenga Februari, ardhi ikiwa imepasuka nyufa za kumeza mkono mpaka kiwiko. Usijiulize zimetoka wapi. Udongo huu wa mfinyanzi hunywa maji ukavimba, ukikauka unasinyaa, na masika huanza Machi.

2. Fundi atasema udongo mweusi uchimbwe wote, uondolewe kwa lori, mfike kwenye moramu ngumu au mwamba, kisha shimo lijazwe moramu na kushindiliwa tabaka kwa tabaka. Mjibu: "Fundi, hii ni stoo tu, si ghorofa." Atanyamaza kwa adabu. Ghorofa angalau lina uzito wa kuukandamiza udongo unaovimba. Banda lako litanyanyuliwa kona moja kama sufuria juu ya mafiga mabovu.

3. Pesa ulizookoa kwenye msingi nunulia vigae vya rangi. Hakuna jirani aliyewahi kusifu msingi.

4. Gata za nini? Acha maji ya paa yamwagike kwenye kona moja. Upande wa pili panda mkaratusi, unyonye unyevu wote. Huku kutavimba, kule kutadidimia, na banda litaanza safari.

5. Mlango ukikwama Aprili, mwite fundi aupige randa. Septemba ukiacha mwanya wa kupita paka, mwite aongeze ubao. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe utafanya yote mawili, kila mwaka.

Wapo wakaidi wasiofuata mwongozo huu. Jirani yako amesimamisha banda la mbao juu ya nguzo za zege zilizoupita udongo mweusi zikakita kwenye moramu. Sakafu ameiinua shubiri nzima kutoka ardhini, kwa hiyo udongo ukivimba unavimbia hewa. Maji ya paa yanaingia kwenye tangi, na mti wa karibu zaidi uko mbali kuliko urefu wake.

Mtembelee Aprili, ufunge mlango wake kwa kidole kimoja. Kisha omba namba ya fundi wake. Utagundua unayo tayari: ni yule uliyemwambia hii ni stoo tu.