Gari Jepesi, Dereva Mzito

Mzee mmoja wa Kent anaiandaa MGB yake ya 1967, gari la kimichezo, kwenda kujimwaga kwenye uwanja wa mbio za magari wa Brands Hatch. Kang'oa zulia, katoa tairi la spea, hata kiti cha abiria kakiacha nyumbani, eti gari liwe jepesi. Kitambi kimebaki, tena kimefungiwa mkanda wa kisasa. Ekzosi mpya inanguruma hadi wapima kelele wanatikisa kichwa.

Mafuta ya breki je? Yaleyale ya zamani, meusi, yaliyokwishanyonya unyevu wa miaka. Yakichemka, atashuka kona ya Paddock Hill akikanyaga pedali isiyoshika kitu. Na siku hizo za watu kuendesha magari yao wenyewe uwanjani si za mashindano: kumpita mwenzio mpaka akuruhusu, kupimana muda marufuku. Lakini mzee keshaagiza kikombe cha ushindi.