Somo wa Lenzi Awajibu Waliokimbiwa

Kwa wengine anameremeta, kwangu mweusi

*Shikamoo Somo. Kuna mmoja hapa uani amenikosesha usingizi. Kila asubuhi huja kwenye ua la mgomba amevaa kijani kinachometameta. Nikimsogelea, anakimbia. Nikifanikiwa kumpiga picha, anatoka mweusi tii. Nimejaribu kumwangaza kwenye simu mpaka picha ikajaa chenga. Ananichukia?*
— Mwenye Kiu, Tanga

Marahaba mwanangu. Chozi hakuchukii, hana habari nawe. Analolijua yeye ni lile ua, na hapo ndipo ulipopotea: unamfuata ndege badala ya kulifuata ua. Akimaliza mbochi huenda zake, kisha hurudi, kwa kuwa ua hujijaza tena. Chagua ua moja ambalo nyuma yake pako wazi, keti kimya hatua chache kando, lenzi ikiwa imekwisha kulenga, umngoje. Anayekukimbia ukimfuata huja mwenyewe ukitulia. Hili nawafunda hata maharusi.

Sasa weusi. Kijani cha chozi si rangi ya kupakwa. Ndani ya manyoya yake mna tabaka nyembamba mno zinazourudisha mwanga, na kijani huonekana pale tu jua, unyoya na jicho lako vinapokutana kwa pembe inayofaa. Jua likiwa nyuma yake, kijani hakipo, na hakuna programu itakayokifukua. Ukiangaza giza utapata chenga, kama ulivyoona. Weka jua mgongoni mwako, kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, kabla halijapanda utosini. Kisha piga nyingi mfululizo: akigeuza shingo kidogo tu, atawaka.

Mnana wangu wanamwita limau

*Somo, nilimpiga mnana akisuka kiota kwenye mnazi. Picha ilikuwa imepauka, nikakoza rangi. Ikapendeza, nikakoza tena. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, shemeji ameuliza tangu lini malimau yanaota mdomo. Nimjibu nini?*
— Aliyefedheheka, Kilifi

Mshukuru shemeji, kisha umrudishie mnana manyoya yake. Njano ya kwenye skrini huundwa kwa nyekundu na kijani. Ukizikoza hadi zigonge kikomo, mwili mzima wa ndege unapata njano moja, na mistari iliyotenganisha unyoya na unyoya inafutika. Wewe unadhani unampamba, kumbe unamfuta.

Fuata utaratibu. Kata picha kwanza, kisha sawazisha mwanga, kisha hakikisha cheupe ni cheupe kweli, maana majani humtupia ndege ukijani asiokuwa nao. Mara nyingi picha inayoonekana imepauka ina ukijani tu; ukiuondoa, njano inajitokeza bila kukozwa. Chenga zipunguze kwa mkono mwepesi, la sivyo utabaki na ndege wa plastiki. Mwisho kabisa ongeza ukali, nao uwe wa jicho na mdomo, si wa anga. Ukiona uzi mweupe umemzunguka ndege, umezidisha. Ukimaliza, nenda kalale. Asubuhi fungua picha ya awali uiweke kando ya hiyo uliyohariri. Utapunguza bila kuambiwa na mtu: macho huzoea rangi kama ulimi unavyozoea chumvi.

Nitaitwa mbaguzi

*Somo, yangeyange akitua uani anatoka mweupe asiye na unyoya hata mmoja. Kunguru akitua juu ya paa anatoka kivuli kitupu. Kosa langu nini?*
— Muungwana, Zanzibar

Anayebagua ni kamera. Imefundishwa kwamba dunia, kwa wastani, ni ya kijivu. Ikiona bustani yenye kiza na yangeyange mmoja katikati, huongeza mwanga ili kiza kipate ukijivu, na yangeyange anaungua. Ikiona anga jeupe na kunguru, hupunguza mwanga ili anga lipate ukijivu, na kunguru anazama. Ipe amri. Kwa yangeyange huyo punguza mwanga hatua moja. Kwa kunguru wa angani ongeza moja, hata zaidi. Simu nyingi nazo zinatii: mguse ndege kwenye skrini, kisha buruta alama ya jua juu au chini. Ukishindwa kuamua, elemea upande wa giza. Faili la RAW hurudisha mengi kutoka kivulini, lakini weupe ulioungua hauna kitu ndani yake cha kurudishwa.

Na huyo kunguru usimwonee huruma kupita kiasi. Aliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, na anakula mayai na makinda ya ndege haohao unaotaka kuwapiga picha. Haki yake ya picha mpe tu: ana shingo ya kijivu, nayo haionekani ukimwacha gizani.

Ndege wangu ni nukta

*Somo, kamera yangu ni ya megapikseli 24. Nilimkata ndege wa mbali mpaka akajaa kwenye picha, sasa amekuwa miraba mitupu. Programu ya akili mnemba imeahidi kumrudishia manyoya. Niikubali posa?*
— Njia Panda, Nakuru

Usiikubali kabla ya kupiga hesabu. Picha yako ina pikseli 6,000 kwa 4,000. Ukibakiza robo ya upana na robo ya kimo, unabaki na 1,500 kwa 1,000, yaani megapikseli moja na nusu kati ya zile 24. Kwa skrini ya simu zinatosha, kwa kalenda ya ukutani hazitoshi. Na programu hiyo hairudishi manyoya, kwa sababu haikuyaona, inayabuni. Kwa pambo la sebuleni, sawa. Kwa Kenya Bird Map, ambako wananchi hupeleka kumbukumbu za ndege waliowaona, ni balaa: spishi mbili huweza kutofautiana kwa mstari mmoja juu ya jicho, na mstari huo programu itauchora au kuufuta bila kukuuliza. Utakuwa mtu wa kwanza kumwona ndege asiyekuwepo.

Dawa ni kumleta karibu. Weka beseni pana la maji ya kina kifupi, simika kijiti kikavu kando yake, nawe ujifiche nyuma ya dirisha lililo wazi. Badilisha maji kila siku. Ndege hutua kwanza kijitini kuchungulia usalama, na hapo ndipo unapolenga.

Nani mwongo zaidi?

*Somo, nilifuta kamba ya kuanikia nguo iliyopita nyuma ya tetere wangu. Jirani yangu naye anaringia picha ya mwewe akipita mbele ya mwezi mpevu, usiku wa manane, na usiku huo mimi najua mvua ilinyesha.*
— Mwenye Wivu, Morogoro

Hamlingani. Kukata picha, kusawazisha mwanga na kufuta doa la vumbi ni usafi. Kufuta kamba ni mapambo: sema ukweli ukiulizwa, na usiipeleke picha hiyo kwenye mashindano, kwa sababu waandaaji wanaweza kudai faili la RAW, na kamba itajitokeza na vibanio vyake. Kumwoza ndege wa Jumatatu kwa mwezi wa Ijumaa ni kughushi. Isitoshe, usiku wa manane mwewe huwa amelala. Hata wakubwa wameshateleza: mwaka 1982 jarida la National Geographic lilisogeza piramidi za Giza kwa kompyuta ili zienee kwenye jalada. Piramidi zilinyamaza, watu hawakunyamaza.

Picha safi sana

*Somo, nimekata matawi mawili ili kiota cha shore kionekane vizuri. Naomba pongezi.*
— Mbunifu, Arusha

Pongezi utapewa na kunguru. Kiota unachokiona vizuri wewe, naye anakiona vizuri, na matawi hayo ndiyo yaliyowakinga makinda na jua la mchana. Yafunge palepale yalipokuwa, sasa hivi, kisha ondoka. Hiyo picha ifute.

Anatoka kwa kunyata

*Somo, mume wangu huamka saa kumi na moja alfajiri, hutoka kwa kunyata, hurudi saa tatu akitabasamu peke yake. Simu haimtoki mkononi. Juzi usingizini nimemsikia akisema, "Geuka kidogo, mpenzi."*
— Mwenye Shaka, Mwanza

Mwanangu, usipige kelele kwanza. Mwambie akuonyeshe picha zake. Ukikuta sura nzuri, zimetulia, zinatazama lenzi, njoo tuzungumze. Ukikuta mamia ya picha za tawi tupu linalotikisika, mume unaye, na ni mwaminifu; ndege tu wanamshinda mbio. Mshauri aongeze kasi ya shata ifike 1/2000 ya sekunde, na abonyeze ndege anapoinama kujiandaa kuruka, si baada ya kuruka. Kisha mkalishe chini mfute yale matawi pamoja, maana simu ikijaa, za kwanza kufutwa zitakuwa picha za harusi yenu.